Maumivu ya Chini ya Mbavu Ukiwa Mjamzito: Usiyaite Yote Kiungulia

Mjamzito akisema tumbo linamuuma, wengi humuuliza habari za kinena na kiuno. Anatokwa na damu? Uchungu umeanza? Maswali hayo ni ya lazima. Lakini maumivu yakiwa juu, kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu, jibu huwa moja na huja haraka: hicho ni kiungulia, kitapita. Mara nyingi ni kweli. Nimebeba mimba mbili, na katika ya kwanza kilikuwa kiungulia hasa, kile cha kukesha umekaa kitandani. Katika ya pili maumivu yalikuja karibu na palepale na hayakuwa kiungulia hata kidogo. Ndiyo maana naandika haya.

Nianze na kiungulia chenyewe, maana ndicho kinachosumbua wengi. Mwisho wa umio, pale chakula kinapoingia kwenye mfuko wa chakula, kuna msuli unaojifunga ili asidi isipande. Mimba ikishatunga, homoni ya projesteroni huongezeka sana mwilini. Kazi yake mojawapo ni kuutuliza mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati, ila hailegezi mji wa mimba peke yake: msuli wa umio nao unalegea, na mfuko wa chakula unafanya kazi polepole. Chakula kinakaa muda mrefu, asidi inapata njia ya kupanda. Halafu mtoto anakua. Wiki ya 20 ncha ya juu ya mji wa mimba huwa karibu na kitovu. Ikifika wiki ya 36 iko karibu na chembe ya moyo, na mfuko wa chakula umebanwa juu yake.

Kiungulia kina tabia zake. Kinaunguza, kinapanda kuelekea kooni, kinaacha ladha chungu au kali mdomoni. Huja baada ya kula, huzidi ukiinama au ukilala chali, na hupungua ukikaa wima. Kama maumivu yako yana tabia hizo, yapo mengi ya kufanya kabla ya dawa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha kula usiku. Chakula cha mwisho nilikiweka angalau saa tatu kabla ya kulala. Cha pili ni kula kidogo kidogo mara nyingi, na maji nikanywa zaidi katikati ya mlo mmoja na mwingine badala ya kunywa mengi pamoja na chakula. Kuhusu vyakula vyenyewe, utasikia orodha ndefu: vya kukaangwa, pilipili, kahawa, chokoleti, machungwa, soda. Usijinyime vyote kwa pamoja. Angalia kipi kinakuamshia kiungulia wewe, uache hicho. Mjamzito anahitaji kula, na hofu ya chakula nayo inadhoofisha.

Kitanda pia kina nafasi yake. Wengi hurundika mito chini ya kichwa, lakini mito ya hivyo hukukunja kiunoni na kulibana tumbo zaidi. Bora kuinua upande wa kichwani wa kitanda chenyewe kwa sentimita 15 hadi 20, kwa vipande imara vya mbao chini ya miguu yake, ili mwili wote kuanzia kichwani ushuke kwa mteremko. Lala kwa ubavu wa kushoto. Kwa jinsi mfuko wa chakula ulivyokaa, ukilala hivyo asidi hubaki chini ya mdomo wa umio. Na tangu wiki ya 28 wajawazito hushauriwa kulala ubavu kwa vyovyote, kwa sababu ukilala chali uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Kwenye dawa naomba unisikilize kwa makini. Dawa za kutuliza asidi zenye kalsiamu au magnesiamu hutumiwa sana na wajawazito, ila mwambie mfamasia una mimba ya miezi mingapi, na usizimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu kwa sababu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Ziachanishe kwa saa mbili hivi. Zisipotosha, daktari ana nyingine za kukuandikia. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizinunue mwenyewe. Zinaukwangua mfuko wa chakula, na kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea. Kisha kuna hili ambalo linanitia hofu kila nikilifikiria: usimeze dawa ya vidonda vya tumbo aliyoandikiwa mtu mwingine. Misoprostoli ni dawa inayotumika kuukinga mfuko wa chakula dhidi ya vidonda, na dawa hiyohiyo huukaza mji wa mimba na inaweza kuitoa mimba. Jirani anayekupa kidonge chake kwa upendo hawezi kujua hilo.

Mbavu nazo huuma zenyewe. Kifua cha mjamzito hupanuka, na mtoto akipata nguvu hupiga teke juu kwa juu, upande mmoja, hadi pale pakawa kama pana jeraha. Akiwa amekaa matako chini, kichwa chake kigumu ndicho kinachokaa chini ya mbavu. Maumivu haya hubadilika ukibadilisha mkao. Kaa wima, inua mkono wa upande unaouma juu ya kichwa na unyooke, au piga magoti na kuegemea mikono ili tumbo lining'inie. Sidiria inayobana iache. Wiki za mwisho, hasa katika mimba ya kwanza, mtoto hushuka kwenye nyonga na pumzi inarudi.

Gesi na choo kigumu havihitaji maneno mengi: maji, mboga, matunda, kutembea, na ukiona vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyokufunga choo, waambie kliniki wakubadilishie badala ya kuviacha kimyakimya.

Mfuko wa nyongo ni habari nyingine. Estrojeni huongeza kolesteroli ndani ya nyongo, projesteroni hufanya mfuko wake usijimwage vizuri, na vijiwe hupata nafasi ya kutengenezwa. Maumivu yake yako kulia chini ya mbavu au katikati, huja mara nyingi baada ya chakula cha mafuta, hukaza kwa dakika nyingi au hata saa kadhaa, na yanaweza kwenda hadi kwenye bega la kulia au mgongoni. Kipimo cha ultrasaundi huviona vijiwe bila kumdhuru mtoto. Ikiwa kuna homa, au macho yamekuwa ya manjano, usingoje siku ya kliniki.

Sasa nifike kwenye mimba yangu ya pili. Ilikuwa imepita nusu, na maumivu yalikuwa kulia, juu, chini kabisa ya mbavu. Hayakuunguza. Yalikuwa mazito na ya kudumu, nikikaa yapo, nikisimama yapo, na dawa ya kiungulia ilikuwa kama maji. Kichwa kikaanza kuuma pia. Nilikwenda kituo cha afya, mkunga akanifunga mashine ya presha, akapima mkojo, na hakuniruhusu nirudi nyumbani. Presha ilikuwa juu na mkojo ulikuwa na protini. Nililazwa, nikachomwa sindano za magnesiamu kuzuia degedege, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Yuko hai, mzima, na mimi niko hai.

Hali hiyo ni ile ya presha ya ujauzito inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea inahitaji kufuatiliwa. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Maumivu ya juu ya tumbo hutokea kwa sababu ini limeathirika na kuvimba, na utando unaolifunika unavutwa. Ndugu, tambua kwamba maumivu haya si hatua ya mwanzo. Yanamaanisha ugonjwa umeshafika mbali. Dalili nyingine ni kichwa kuuma bila kupoa, kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, na kichefuchefu au kutapika kunakoanza upya wakati miezi ya kutapika ilishapita. Huenda ukawa na moja tu. Mwingine havimbi kabisa. Wapo pia wachache ambao ini na chembe za kugandisha damu vinaharibika huku presha haijapanda sana, na hao hugunduliwa kwa kipimo cha damu.

Yeyote anaweza kupata, ila uwezekano huongezeka kwa mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kuipata kabla, na mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo. Kama uko kwenye kundi hili, zungumza na daktari mapema, maana baadhi huandikiwa aspirini ya kipimo kidogo kuanzia wiki ya 12 hivi. Usijianzishie mwenyewe.

Yapo maumivu mengine ya kukimbilia hospitali bila kujadiliana na mtu: tumbo lililokakamaa kama ubao na haliachii, damu, homa pamoja na maumivu ya ubavuni au mgongoni, kifua kinachobana na pumzi kukata, au mtoto kupunguza kucheza. Hata kidole tumbo mimba ikiwa kubwa huweza kuuma juu kuliko kawaida, kwa sababu kimesukumwa kutoka mahali pake.

Ukifika, usiseme tu "tumbo linauma". Onyesha kwa kidole ni wapi. Sema mimba ina wiki ngapi, maumivu yalianza lini, yanaunguza au yanakaza, dawa gani umeshameza, na kama kichwa au macho yana shida. Kisha omba upimwe presha na mkojo. Ukiambiwa ni kiungulia kabla ya vipimo hivyo, omba tena kwa heshima. Ni vipimo vya dakika chache. Na ukishajifungua usidhani yamekwisha: ugonjwa huu unaweza kujitokeza hata katika wiki 6 baada ya kuzaa, kwa mama ambaye presha yake ilikuwa sawa mimba nzima. Maumivu ya chini ya mbavu ya kulia au kichwa kisichopoa siku hizo yanakurudisha hospitali, na mtoto wako mgongoni.