Chuki ipo, lakini inayofunga ofisi ni sheria

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, ni uhasama wa vyama tu unaofanya serikali ya Marekani ifungwe mara kwa mara kwa sababu ya bajeti? Jibu langu ni kwamba uhasama upo, tena mkali, ila wenyewe haufungi ofisi. Ofisi hufungwa na sheria jinsi inavyotafsiriwa, na wenye uwezo wa kuirekebisha hawapungukiwi na senti.

Mwaka wao wa fedha huanza Oktoba 1, na kabla ya hapo Congress, yaani Bunge lao, inatakiwa iwe imepitisha miswada 12 ya matumizi. Zamani ikichelewa, ofisi ziliendelea na kazi huku zikibana matumizi. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akasema ofisi isiyoidhinishiwa fedha lazima isimamishe kazi, isipokuwa zile za kulinda maisha na mali. Tangu hapo, anayetaka kumbana mpinzani wake ana pa kumshikia. Na kwa kuwa miswada hiyo huhitaji kura 60 kati ya 100 kuvuka Seneti, ni nadra chama kimoja kuipitisha peke yake.

Pande zote mbili zimewahi kumbana mpinzani kwa njia hiyo. Mwaka 2013 Warepublican waling'ang'ania kuizuia sheria ya afya ya Obama, ofisi zikafungwa siku 16. Mwaka 2025 Wademocrat walishikilia kwamba ruzuku za bima ya afya ziendelee, siku 43, muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote kabla ya hapo.

Lakini ulioniuma zaidi ni ule mvutano wa siku 35, Trump alipodai dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Januari 11, 2019, waongoza ndege walipokea hati za mishahara zilizoandikwa sifuri. Kugoma hawaruhusiwi, kwa hiyo waliendelea kuongoza ndege huku kodi ya nyumba ikiwasubiri. Januari 25 baadhi yao hawakufika kazini, wakisema ni wagonjwa, na ndege za kuingia uwanja wa LaGuardia, New York, zikazuiwa kwa muda. Siku hiyohiyo Trump akakubali serikali ifunguliwe, bila fedha za ukuta. Wafanyakazi wa serikali walilipwa malimbikizo yao. Wafagiaji na walinzi wa kampuni za kandarasi hawakulipwa. Mishahara ya wabunge haikukatika hata mara moja, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Na anayejaribu kupatana na wapinzani huadhibiwa. Septemba 30, 2023, Spika Kevin McCarthy alipitisha bajeti ya muda kwa msaada wa kura za Wademocrat. Oktoba 3 Warepublican wenzake 8 wakaungana na Wademocrat haohao kumwondoa, kura 216 kwa 210. Hakuna Spika aliyewahi kuondolewa hivyo kabla yake.

Sisi Wakenya tunajua vurugu za bajeti, lakini Kifungu cha 222 cha Katiba yetu kinaliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio wakati sheria ya matumizi haijakamilika. Marekani ingeweza kwenda mbali zaidi: bajeti ya mwaka uliopita iendelee yenyewe hadi mpya ipite. Wabunge wa vyama vyote viwili wamewahi kupeleka miswada ya aina hiyo, na hakuna uliokuwa sheria. Kwangu mimi hapo ndipo lawama inapostahili kwenda, kwa sababu kuchukiana wanaweza kuendelea nako bila kumnyima mfagiaji ujira wake.