Bosi anataka kubomoa kuta za ofisi

SWALI: Shikamoo mama. Nasimamia ofisi ya wahasibu Kariakoo. Siku hizi wengi wanafanyia kazi nyumbani, ila Jumatano wote wanajazana na mikutano ya video inakuwa kelele tupu. Bosi anataka tubomoe kuta, tuweke meza ndefu. Unashauri nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie bosi aweke nyundo chini kwanza. Nyie mnashika siri za fedha za watu. Mkikaa ukumbi mmoja, madeni ya mteja yatasikika hadi kwa mlinzi getini.

Gawa chumba kikubwa cha mikutano, upate vijichumba vya mtu mmoja mmoja vya kuongelea. Hapo msimamie fundi: ukuta wa jipsam upande hadi kwenye zege, usiishie kwenye dari, na katikati ajaze pamba ya kuzuia sauti. Wengi huishia darini, kisha sauti inaruka kwa juu na hela imeshaliwa.

Kwenye mkutano, zimeni feni iliyo juu ya maikrofoni. Aliyeko Mbagala anasikia upepo tu. Msikae dirisha likiwa nyuma yenu, kamera itawafanya vivuli.

Meza? Hesabu watu wa Jumatano, si wastani wa wiki. Mimi ningezipangia idara siku tofauti kabla ya kununua hata kiti. Mkishirikiana meza, kila mtu apewe kabati dogo la kufuli, la sivyo wataanza kuwekeana nafasi kwa kutundika sweta kitini.