Spika za nini, ikiwa ukumbi wenyewe unavuma?

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa madrasa Langoni, Lamu. Mwaka jana tulijengewa ukumbi mpya: kuta za plasta, sakafu ya vigae, slebu juu, madirisha ya vioo. Urefu mita 15, upana mita 8, kimo mita 4. Tangu tuhamie, watoto wanaokaa nyuma hawashiki ninachosema. Fundi anasema tuongeze spika mbili kubwa. Zamani tulisomesha ndani ya nyumba ya kale, hata maiki hatukuwa nayo, na kila mtu alisikia. Mpwa wangu amepata nafasi Uingereza katika kikundi cha utafiti wa sauti cha chuo kikuu, naye hututumia picha akiwa ndani ya chumba kilichojaa masponji yenye ncha. Watu hao hufanya nini hasa kutwa? Na elimu yao yaweza kutufaa sisi?

Jibu: Waaleikumu salaam, maalim. Nianze na la fundi, maana lina pesa ndani yake: msinunue. Ukumbi wenu haukosi sauti. Sauti imezidi, na haitaki kufa. Mkiongeza spika, neno lako litapanda na mvumo wake, yaani sauti inayobaki ikirudishwa na kuta, utapanda sawasawa nalo, kwa hivyo mtoto wa nyuma atapata kelele kubwa zaidi ya jambo lile lile asilolielewa.

Sasa mpwa wako. Kabla ya kurudi Malindi nilikaa miaka kadhaa kwenye maabara ya namna hiyo, na ile picha ya masponji kila mtu huituma nyumbani. Hicho ni chumba kisichorudisha sauti. Kabari za sponji zimefunika kuta, dari, hata sakafu, na wewe unatembea juu ya wavu wa nyaya. Ukisema neno linatoka mdomoni na kupotea hapo hapo. Wageni wengine hushikwa na kizunguzungu. Humo hupimwa vitu peke yake, bila kuta kuvisaidia wala kuviharibu: spika hii inaelekeza sauti wapi, maiki ile inasikia vipi, feni hii ina kelele kiasi gani.

Lakini kwa swali lako chumba cha maana ni cha pili, ambacho hakuna anayekipiga picha: chumba cha mvumo. Ni boksi tupu la zege, kuta zimepindishwa makusudi zisitazamane, ujazo wake kama mita za ujazo 200. Piga kofi mle, usikie linavyozunguka sekunde baada ya sekunde. Kazi ya mwanafunzi humo ni nusu fizikia, nusu uhamali. Anapima mvumo chumba kikiwa kitupu, kisha anaingiza zulia, au pazia, au mbao za dari, mita za mraba 10 hadi 12 kama kanuni za kimataifa zinavyotaka, anapima tena. Tofauti ya vipimo viwili inasema kitu kile kinanyonya sauti kiasi gani. Anakitoa, anaingiza kingine. Namba wanazotumia wasanifu wa majengo kuchagua dari zimetoka kwenye vyumba hivyo, kwa migongo ya vijana kama mpwa wako.

Wenzake katika kikundi hicho hicho huenda wanafanya mambo mbali kabisa na haya. Wako wanaosikiliza nyangumi, wako wa kelele za ndege, wako wanaopima masikio ya wazee, na wako wanaokufanya usikie kwa kompyuta ukumbi ambao haujajengwa. Chuo Kikuu cha Southampton kina taasisi nzima ya sauti na mitetemo tangu 1963. Uwanja ni mpana; mimi nilibaki na vyumba.

Na elimu ya vyumba ilianza na shida kama yako, takriban neno kwa neno. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, na mhadhiri haeleweki. Neno moja lilikuwa likibaki hewani kama sekunde 5.5. Mzigo akatwikwa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Alingoja usiku mji utulie, akapuliza bomba la kinanda, akalinyamazisha, akashika saa akasikiliza hadi sauti itokomee. Kisha yeye na wasaidizi wake wakabeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, ukumbi mwingine wa chuo hicho, wakaipanga ukumbini, wakapima, na kabla ya asubuhi wakairudisha. Kadiri mito ilivyozidi ndivyo mvumo ulivyopungua.

Humo ndimo ilimotoka kanuni tunayotumia mpaka leo. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa vyote vilivyomo. Jibu ni sekunde ambazo sauti huchukua kushuka desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani kwa sikio la kawaida, hadi kutoweka. Na unyonyaji ulipimwa kwa dirisha lililo wazi: sauti ikitoka dirishani hairudi, basi mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni moja kamili. Plasta na vigae viko kwenye 0.03 hivi.

Ukumbi wenu basi. Ujazo ni 480. Ukijumlisha sakafu, dari na kuta unapata mita za mraba 424; zidisha kwa 0.03, unyonyaji wote ni kama 13. Hesabu inatoa sekunde 6. Mmempita Sabine! Wakiingia watoto 60, nikimpa kila mmoja 0.4 (na huo ni ukarimu kwa watoto), unyonyaji unafika 37 na mvumo unashuka hadi sekunde 2 na kidogo. Darasa la kusema linataka lisipite sekunde moja.

Sasa fikiria ile nyumba ya kale. Watu husema ni mawe ya matumbawe na chokaa vilivyokuwa vikinywa sauti. Sikubaliani nao sana. Chokaa iliyolainishwa vizuri ni ngumu pia. Siri iko kwingine. Boriti za mikoko ni fupi, kwa hivyo chumba hakikuweza kupita mita tatu hivi kwa upana, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa mbali na mdomo wa mwalimu. Halafu chumba kilifunguka kwenye kiwanda, ule ua wa ndani usio na paa. Kiwanda ni dirisha la Sabine lililolala chali: mita kadhaa za mraba za mbingu, na kila sauti iliyopanda humo ilikwenda zake. Zidaka nazo, vile vishubaka vya ukutani, zilivunjavunja sauti isirudi kama kofi moja. Nyinyi mmechukua darsa lile lile mkaliweka ndani ya birika.

Kuna jambo moja nalitaja kwa adabu kwa sababu wewe ni bingwa wake kuliko mimi. Kisomo cha Qurani kinapendeza kwenye mvumo. Kari, yaani msomaji, akivuta madi, ile irabu ndefu, msikiti unamvutia pamoja naye. Lakini kumfundisha mtoto makhariji, yaani mahali kila herufi inapotokea kinywani, kunataka mahali pakavu. Irabu zina nguvu na mkia mrefu, herufi kama sini na thaa ni dhaifu na fupi. Katika mvumo wa sekunde 2, mkia wa irabu iliyopita unaifunika herufi inayofuata kabla mtoto hajaipata. Kwa hivyo anayekosea sini na swadi pale nyuma usimchape. Huenda hakuzisikia tofauti tangu mwanzo.

Dawa iko juu, kwenye slebu, mahali ambapo hakuna mkono wa mtoto. Fundi wa mbao atengeneze fremu nyepesi zenye kina cha sentimita 5, zijazwe sufi ya mawe, ile inayouzwa kwa kuzuia joto na moto, zivikwe kitambaa cha pamba. Kitambaa kiwe kile ambacho ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inapita. Kisichopitisha pumzi hakipitishi sauti. Zitundikwe zikiwa zimeachana na slebu kwa sentimita 20, maana nafasi hiyo ya hewa husaidia kushika sauti nzito. Fremu za jumla ya mita za mraba 60, yaani nusu ya dari, kwa 0.8, zinaongeza 48. Jumla inakuwa 85, mvumo sekunde 0.9. Mkifungua madirisha kwa upepo wa kusi, hata chini ya hapo.

Mikeka sakafuni haifanyi kitu kikubwa. Zulia zito linasaidia, ila linakula sauti nyembamba na kuiacha ile nzito ikivuma: wimbi la mitetemo 125 kwa sekunde lina urefu unaokaribia mita 3, na kitu chembamba hakilishughulishi. Treya za mayai, sahau. Magodoro ya sponji yanameza sauti vizuri lakini yakishika moto moshi wake unaua, na mle ndani mna watoto. Paneli za usumba wa nazi wamezichunguza watafiti wa nchi mbalimbali, nazo zinanyonya vizuri zikiwa nene. Ningezipenda sana kwa Lamu, mradi ziwekwe dawa ya moto na zisifikiwe na unyevu.

Kisha zile spika mlizonazo zishusheni kidogo, zielekee vichwa vya watoto badala ya dari, na mpunguze sauti. Mtashangaa.

Kabla na baada, pimeni. Anapokuja mpwa wako likizoni, aje na maikrofoni ya kupimia na kompyuta yake. Siku hizi tunapiga kwenye spika sauti inayopanda polepole kutoka uzito wa ngoma hadi wembamba wa mluzi, na programu inatoa mvumo kwa kila ngazi. Njia hii aliieneza Mtaliano Angelo Farina tangu 2000. Asipokuja na vifaa, puto linatosha. Lipasueni pembe moja ya ukumbi, simu ikirekodi pembe ya pili, mara tano, feni zikiwa zimezimwa. Namba haitakuwa ya kitaalamu, lakini sekunde 6 na sekunde moja hata simu inazitofautisha.

Mara ya kwanza mimi kupasua puto kwenye msikiti mmoja hapa Malindi, sikumwambia mtu. Lilikuwa puto kubwa, jumba tupu lilikuza mshindo, na kabla sijaandika kipimo cha kwanza nilikuwa nimezungukwa na nusu ya mtaa, wengine na marungu. Kwa hivyo watangazieni majirani tangu asubuhi, na mwenye punda aliyefungwa karibu na dirisha mwombeni amhamishe.