Uzamili wa uuguzi mtandaoni, chuo kiko jimbo lingine: uliza haya kabla ya kusaini

Mdogo wangu, nimesoma swali lako. Wewe ni muuguzi mwenye leseni, unaishi Ohio, na umepata chuo cha jimbo lingine kinachofundisha mtandaoni uzamili wa NP, yaani muuguzi anayeruhusiwa kupima mgonjwa na kumwandikia dawa. Aliyekupigia simu kutoka chuoni amekwambia wana kibali cha majimbo yote, na shemeji huenda akahamishiwa California katikati ya masomo. Nami nilisoma NP kwa njia hiyo hiyo nikiwa hapa Ohio, chuo kikiwa mbali, na sasa naifanya kazi hiyo.

Kibali anachokisema kipo kweli. Kuna makubaliano yanayoitwa SARA, yenye majimbo 49 pamoja na Washington DC, Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Chuo kikishapata idhini ya jimbo lake chini ya SARA, kinaweza kusajili wanafunzi walioko majimbo mengine wanachama bila kupiga hodi kila jimbo. California ndiyo pekee iliyobaki nje. Kwa hiyo ukisikia "yote", mwulize papo hapo wanafunzi walioko California anawasajili kwa utaratibu gani. Si jambo dogo: mwaka 2019 wanafunzi wa California waliokuwa wakisoma mtandaoni kwenye vyuo vya umma na visivyo vya faida vya majimbo mengine walijikuta hatarini kukosa misaada ya masomo ya serikali kuu, mikopo ikiwemo, kwa sababu tu jimbo lao halikuwa na pa kupeleka malalamiko yao. Lilirekebishwa baada ya wiki chache, lakini wenye mikopo walipata presha ya bure.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wetu wengi wanapoumia. SARA haigusi leseni yako hata kidogo. Inahusu chuo kuruhusiwa kukufundisha. Atakayeamua kama shahada hiyo inakupa leseni ya NP ni bodi ya uuguzi ya jimbo unalotaka kufanyia kazi, na kila bodi ina masharti yake. Ithibati ya chuo, yaani kutambuliwa kwamba elimu yake ina ubora, nayo ni kitu cha tatu. Mimi nilipokuwa natafuta chuo, kwenye simu niliambiwa "hakuna shida popote". Nikaomba wanijibu kwa barua pepe, jimbo kwa jimbo. Jibu lilipokuja, Ohio ilikuwa sawa, lakini majimbo kadhaa yaliandikwa kwamba chuo hakijafanya uamuzi. Maana yake hawajui, na ada yako wanapokea vilevile.

Kanuni zimekaza tangu Julai 1, 2024. Chuo kinachopokea fedha za misaada ya serikali kuu lazima kithibitishe kwamba programu yake inatimiza masharti ya elimu ya leseni katika jimbo ulipo siku unapoanza, au katika jimbo ambalo umeandika mwenyewe kwamba unakusudia kwenda kufanyia kazi. Umeona tatizo lako lilipo? Ukianza ukiwa Ohio, uthibitisho huo ni wa Ohio. Ukihamia California mwaka wa pili haukufuati.

Na wanachoangalia ni mahali ulipo kwa mwili wako, si anwani iliyo kwenye leseni ya gari. Ukihama, toa taarifa mapema, kabla hujafunga mizigo. Darasani kwetu alikuwepo dada mmoja aliyehama akiwa amebakiza mafunzo ya vitendo tu. Chuo hakikuwa na ruhusa ya kumpangia kliniki katika jimbo jipya, akakaa bila kusoma huku muda wa kuanza kulipa mkopo ukikaribia. Iliniuma sana, kwa sababu swali moja kwa wakati lingemwokoa.

Kwa hiyo waandikie leo. Taja Ohio na California kwa majina. Uliza kama programu inatimiza masharti ya leseni ya NP katika kila moja, kama wanaruhusiwa kukupangia mafunzo ya vitendo huko, na kama msimamizi wa kliniki wanakutafutia wao au unajitafutia, maana kumpata ni kazi ngumu. Kisha ipigie bodi ya California yenyewe uwasomee jina kamili la programu. Usilipe hata ada ya kushikilia nafasi kabla majibu hayajafika kwa maandishi.

Yatunze majibu hayo. Likitokea la kutokea, malalamiko huanzia chuoni, na chini ya SARA yakishindikana huenda kwenye ofisi ya jimbo la chuo, si la kwako, ndani ya miaka miwili. Malalamiko ya alama hawayapokei. Wakikujibu, futa jina lako kisha uweke jibu lao hapa, nitalisoma nawe mstari kwa mstari.