Nimeacha ngano, njaa inaniua!

MUULIZE SHANGAZI

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie ni kijana wa hapa hapa Tanga, napiga boda kijiwe cha Makorora. Damu ilikuwa inanipungua kila mara, napewa vidonge vya madini ya chuma lakini wapi, tumbo linajaa gesi, naharisha, mpaka juzi juzi wakanipima damu na kuniingiza ule mpira wenye kamera, wakaniambia una seliaki, ngano marufuku maisha. Sawa, nimeacha. Shida ni njaa shangazi. Asubuhi wenzangu wanapiga chai na chapati mbili mbili, mie nakunywa chai tupu, ikifika saa nne mikono inatetemeka. Nikipita sehemu wanakaanga maandazi nasimamisha pikipiki bila kupenda. Mke wangu ananipikia wali mchana na usiku lakini baada ya muda mfupi njaa hiyoo. Hii hali itaisha au ndo basi tena?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Itaisha. Ila jibu la nusu ya barua yako umeliandika mwenyewe, chai tupu! Umetoa chapati mbili, umeweka nini pale? Hujaweka kitu. Chapati za kijiweni zile za kujaa mafuta ni chakula kizito, ndo zilikuwa zinakufikisha mchana, sasa umezitoa alafu unashangaa mikono inatetemeka na wewe uko juu ya pikipiki na abiria mgongoni. Hapo usilaumu kuacha ngano, hujala.

Alafu kuna upande wa pili. Seliaki inafanya kinga ya mwili ikikutana na gluteni, ile protini ya kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), igeuke ishambulie utumbo mwembamba wenyewe. Ndani mle kuna vinyweleo vidogo vidogo kama vya taulo, ndo vinanyonya chakula, vikilala au vikiisha unakula lakini chakula hakiingii mwilini, ndo maana vidonge vya damu vilikuwa havishiki. Sasa umeacha ngano utumbo unaanza kupona, mwili nao umekaa na upungufu muda mrefu, unadai. Kwahiyo wengi hamu ya kula inapanda miezi ya mwanzo, usiogope, mlishe huyo mtu. Nafuu ya tumbo watu wengi wanaiona ndani ya wiki chache, ila utumbo kupona sawasawa ni miezi, kwa mtu mzima wakati mwingine hata zaidi ya mwaka.

Sasa tule nini. Mwanangu we uko Tanga, sio mahali pa kufa njaa kwa kukosa ngano! Asubuhi kabla hujatoka, muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, kando yake mayai mawili au maharage ya jana yaliyobaki, basi. Mkeo akipata nafasi apike mbaazi za nazi, mkazoea kula mbaazi na mahamri lakini mbaazi na mkate wa kumimina wala huyakumbuki mahamri, maana mkate wa kumimina ni mchele, tui, hamira, sukari na iliki, ngano haimo, na ule ukikatwa asubuhi ukafungwa kwenye mfuko unakaa nao kijiweni. Jioni bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki wa nazi, hicho chakula cha bibi zetu leo vijana mnakiona cha kishamba, kumbe ndo dawa yako, kinakaa tumboni mpaka asubuhi.

Wali sikukatazi. Ila wali mweupe mtupu na mchuzi mwepesi unapanda haraka na kushuka haraka, ndo hiyo njaa yako. Mwambie mkeo apunguze wali kidogo aongeze kunde, choroko, dagaa, samaki, mboga za majani za nazi. Protini na mafuta ndo vinashikilia tumbo. Na kijiweni usikae mkono mtupu, wale vijana wa mayai ya kuchemsha wanapita na kachumbari yao, karanga zipo, ndizi zipo, machungwa ya Muheza msimu wake ukifika ndo usiseme. Ukihisi hamu ya kitu kitamu kashata ya nazi inatosha. Zile biskuti za supamaketi zilizoandikwa hazina gluteni mie binafsi naona ni kuchoma hela, bei yake ni kubwa, ndani nyingi ni wanga na sukari, unamaliza pakiti njaa iko palepale.

Chai pia. Kwakuwa una upungufu wa damu usiinywe pamoja na chakula, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, kula kwanza, chai ije saa nzima baadae. Na maziwa yakikusumbua tumbo mwanzoni usishtuke, utumbo ulioumia unashindwa sukari ya maziwa kwa muda, jaribu mtindi, wengi unawakubali.

Hiyo hamu ya maandazi ni mazoea, pua imezoea saa ile mahali pale. Ukipita umeshiba utaona inavyopungua makali, na ukiweza badilisha njia siku za mwanzo badilisha, si aibu. Ila usije ukasema "kipande kimoja tu". Kwa mwenye seliaki kipande kimoja kinaamsha vita upya hata kama tumbo halijauma.

Na hapa niwe mkali kidogo maana ndo wengi mnapoangukia. Vitumbua ni vya mchele ndiyo, lakini kuna akina mama wanatia ngano kidogo vishikane, muulize kabla hujalipa. Chips za kwenye karai moja na sambusa, achana nazo, mafuta ni yaleyale. Bhajia za dengu muulize kachanganya nini. Tambi ni ngano, suji ni ngano, boko boko ni ngano na nyama, hata ikipikwa kwa mwezi mtukufu. Sosi ya soya ya kwenye mishkaki mara nyingi ina ngano. Bia ya kawaida na vinywaji vya kimea ni shayiri. Unga wa dona kama mashine imetoka kusaga ngano ya mtu mwingine unabeba mabaki yake, kwahiyo mkeo aulize, au atwange nyumbani, au apate mashine isiyosaga ngano. Na kibao cha chapati cha nyumbani kisikatiwe chakula chako.

Kuna watakaokwambia kijiweni huu ni ugonjwa wa kuiga wazungu wa mitandaoni. Waambie huko Uholanzi majira ya baridi ya 1944 kwenda 1945, wakati wa vita mkate ulipoadimika, daktari wa watoto Willem Dicke aliona watoto wenye ugonjwa huu wanapata nafuu, mkate uliporudi wakaanza kuumwa upya. Mitandao ilikuwa wapi?

Ukila hivi na bado unapungua uzito au mikono inatetemeka rudi kwa daktari, wacheki damu na sukari, usikae kimya.

SWALI: Shangazi, mie ni mama wa Bagamoyo. Tumbo linanijaa nikila mkate, nimesoma nikaamua kuacha ngano mwenyewe, njaa kali ila nimevumilia. Sasa nataka kwenda kupima nijue kama ni seliaki, nianzie wapi?

JIBU: Mama, hapo umetangulia hatua. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unatengeneza kwasababu ya gluteni, ukiacha ngano muda mrefu zinapungua, majibu yanatoka safi na ugonjwa upo, hata kile cha kamera kinaweza kudanganya. Kwahiyo nenda ukamuone daktari kwanza, mwambie umeacha tangu lini, yeye ndo atakwambia urudi kula ngano kwa wiki ngapi na kiasi gani kabla ya kupimwa. Ukizidiwa katikati mrudie, usijilazimishe. Na jina la kipimo ni tTG-IgA, liandike kwenye karatasi uende nalo.