Mwenye Ardhi na Msemaji Wake

Ndugu Mhariri,

Mliuliza wiki hii kama katika jamii ambazo mtoto huhesabiwa kukeni, yaani katika ukoo wa mama yake, mwanamke ndiye mwenye mamlaka. Naona swali lenu limeunganisha mambo mawili ambayo wenye mila hizo wenyewe huyatenganisha, nayo ni kuwa mwenye mali na kuwa msemaji wa mali. Mahali palipoonyesha tofauti hiyo kwa uchungu mkubwa ni Bougainville, kisiwa cha Melanesia, yaani eneo la visiwa vya Pasifiki kaskazini-mashariki mwa Australia; kisiwa hicho ni sehemu ya mashariki ya nchi ya Papua Guinea Mpya, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa huko.

Si Melanesia yote inayofuata ukoo wa mama. Katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, na katika kisiwa cha Malaita huko Visiwa vya Solomon, ukoo ni wa kuumeni, na mke hutolewa mahari na kwenda kuishi kwa watu wa mumewe. Lakini Guadalcanal, Isabel, visiwa vya Trobriand na sehemu kubwa ya Bougainville hufuata upande wa mama. Trobriand ndiko kunakotajwa mara nyingi zaidi. Huko mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unaoitwa dala, na mwanamume hulima viazi vikuu ambavyo sehemu yake bora hujaza ghala la mume wa dada yake. Chifu ni mwanamume, naye humrithi mjomba, hamrithi baba. Anapofariki mtu, hata hivyo, wanawake wa ukoo wake ndio wanaosimama uwanjani katika sherehe ya sagali na kugawa doba, yaani mafungu ya majani makavu ya migomba pamoja na sketi za nyuzi, kwa wote waliomuuguza na kumwomboleza marehemu. Waume hutoa nguruwe, viazi na fedha ili wake zao wapate doba ya kutosha. Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwani humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kwa kina kuhusu viazi na machifu, ila mali hii ya wanawake hakuipa uzito; ikabidi kungoja miaka ya 1970, Annette Weiner alipoketi na wanawake hao na kuona kwamba heshima ya ukoo mzima ilikuwa mikononi mwao. Mgeni wa kwanza alikuwa amemtazama anayesema. Nimetaja jambo hili kwa sababu kosa hilohilo, lilipofanywa na serikali na kampuni, halikuishia kwenye maandishi.

Mama yangu ni Mluguru, na katika milima ya kwao ardhi ya ukoo hupitia kwa akina mama huku mjomba akiitwa panapokuwa na shauri. Kwa hiyo mgawanyo huu wa kazi haunishangazi, wala siuoni kuwa dhuluma kwa asili yake, kwa kuwa mjomba anayesema barazani bila kuwasikiliza dada zake hujikuta hana wa kumsemea. Katika jamii nyingi za Bougainville, Wanasioi wa milima ya kati wakiwa miongoni mwao, mpango ulikuwa wa namna hiyo: ardhi hushikwa na ukoo kupitia wanawake, binti huirithi kutoka kwa mama, na kaka au mjomba huizungumzia mbele ya watu. Msemaji alibanwa na wale aliowasemea, nao waliishi naye kijiji kimoja.

Kamba hiyo iliyomfunga msemaji kwa wenye ardhi ilianza kulegea hata kabla ya kuja mgodi wa shaba, kwa sababu ya kakao. Bustani ya magimbi au viazi vitamu hulimwa kwa muda mfupi, kisha ardhi hupumzishwa na kurudi kwa ukoo, lakini mkakao huzaa kwa miongo kadhaa. Baba aliyepanda mikakao katika ardhi ya ukoo wake alijua kwamba kwa mila mashamba hayo yangekuwa ya wapwa zake, ilhali watoto wake waliomsaidia kupalilia ni wa ukoo wa mkewe. Ndipo akina baba wakaanza kutamani kuwaachia watoto wao wa kuwazaa, na koo zikaanza kubishana juu ya miti ambayo mila haikuwahi kuipangia mrithi. Siwezi kuwalaumu akina baba hao. Zao jipya lilileta swali jipya.

Mgodi wa shaba wa Panguna ulikuwa jambo jingine kabisa. Utafutaji wa madini ulianza mwaka 1964, wakati eneo hilo likitawaliwa na Australia, na uzalishaji ukaanza mwaka 1972. Waliotafutwa ili wazungumze, waandikwe na kulipwa walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume, kwa kuwa wageni walidhani kwamba anayesimama kusema ndiye mwenye mali. Wanawake hawakunyamaza. Mwezi Agosti mwaka 1969, huko Rorovana, kwenye pwani iliyotakiwa kwa ajili ya bandari, walisimama mstari wa mbele kuzuia upimaji wa ardhi yao, na polisi wakawakabili kwa virungu na mabomu ya machozi. Hata hivyo mradi uliendelea, taka za mgodi zikamwagwa katika mito, na bonde la mto Jaba likafukiwa. Mwaka 1987 kizazi kipya kiliunda chama kipya cha wenye ardhi, Perpetua Serero akiwa mwenyekiti na Francis Ona akiwa katibu. Mwishoni mwa mwaka 1988 milingoti ya umeme wa mgodi ikaanza kulipuliwa na Ona na wafuasi wake, na mwaka 1989 mgodi ukafungwa. Vita vilivyofuata kati ya waasi wa kisiwa na jeshi la Papua Guinea Mpya vilidumu hadi mwaka 1998 na kuua maelfu ya watu, wengi kwa kukosa dawa chini ya vikwazo vya kuzuia bidhaa kuingia kisiwani.

Vita hivyo vilikuwa na vyanzo vingi, na ugawaji wa faida na madai ya uhuru ni sehemu yake. Nashikilia tu kwamba palipoondolewa kamba kati ya msemaji na wenye ardhi, hapakubaki mtu wa kuzuia hasira kwa njia ya mila. Tena ni wanawake walioanza kuifunga upya: walikusanyika katika sala na maandamano, na akina mama wakaingia msituni kuwashawishi watoto wao waweke silaha chini. Walisikilizwa kama mama wa ardhi, na cheo hicho hawakupewa na serikali yoyote.

Kwa hiyo nawajibu hivi: mila iliwapa wanawake wa Bougainville mamlaka, lakini mamlaka hayo yalihitaji barazani pawe na watu wanaoyatambua. Baada ya Mkataba wa Amani wa mwaka 2001, kisiwa kilijaribu kuyaandika katika sheria. Bunge la Bougainville lina viti vitatu vya wanawake, na sheria ya serikali za jamii ya mwaka 2016 inataka kila kata imchague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Linganisheni na Bunge la taifa la Papua Guinea Mpya, ambalo tangu mwaka 2017 hadi 2022 halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja. Mwaka 2020 jimbo la Ioro, lenye mgodi wa Panguna ndani yake, lilimchagua mwanamke, Theonila Roka Matbob, kuwa mbunge wa Bougainville bila kiti maalumu, na yeye pamoja na wenzake waliifanya kampuni ya Rio Tinto, iliyokuwa mmiliki mkuu wa mgodi, ikubali kugharimia uchunguzi wa madhara ya mgodi.

Sasa, baada ya karibu asilimia 98 ya wapiga kura kuchagua uhuru mwaka 2019, viongozi wa kisiwa wanataka kuufungua mgodi tena ili taifa jipya lipate kipato. Sheria ya madini ya mwaka 2015 inawapa wenye ardhi wa kimila haki ya kukataa. Ninapofuatilia habari hizo, kitu cha kwanza ninachotafuta ni orodha ya hao wenye ardhi, nione kama imeandikwa majina ya akina mama au ya wajomba peke yao.