Kabla ya kupiga kura, uliza nani atapokea simu

Usiku baraza la jiji lilipopitisha sheria ya kuwazuia wenye nyumba kuwakataa wapangaji wenye vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, tulikumbatiana nje ya ukumbi mpaka mlinzi akaja kutuomba tusogee. Tulikuwa tumeihangaikia miezi 14. Mimi ndiye niliyeongoza upande wa sera katika shirika letu dogo la haki za kiraia hapa Ohio, na nilirudi nyumbani nikiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Miezi miwili baadaye akaja ofisini mama mmoja wa Uvira, Kongo, ana watoto wanne na vocha iliyobakiza siku 11. "Nikipiga simu nyumba ipo," akaniambia. "Nikitaja vocha, nyumba inaisha." Nikamjibu kwa furaha kwamba hilo sasa ni kosa kisheria, twende tukalalamike. Tukajaza fomu pamoja. Fomu ikafika kwenye dawati lisilokuwa na mpelelezi hata mmoja, kwa kuwa sheria yetu haikusema nani apeleleze, ndani ya siku ngapi, wala kwa fedha zipi. Siku 11 zikapita. Vocha ikaisha muda, mama akarudi kulala sebuleni kwa shemeji yake na wanawe wanne.

Nakuandikia wewe uliyepata kazi kama yangu, au unayeitamani, ili mama kama huyu asije akakuta dawati tupu kwako.

Kwanza uielewe vocha yenyewe, ambayo wengi wetu huku tunaiita Section 8. Mpangaji anatoa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na fedha za serikali kuu zinajazia kodi hadi kiwango kilichowekwa. Ukishapewa una angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na saa inahesabu. Sheria ya nyumba ya taifa, ya mwaka 1968, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, asili ya taifa na dini. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na kuwa na watoto vikaongezwa 1988. Vocha haimo. Kwa hiyo mwenye nyumba asiyethubutu kusema "sitaki Mkongo" anasema "hatupokei vocha", na mara nyingi anayefungiwa mlango ni yule yule. Ndiyo maana majimbo na miji imejitungia sheria zake. Massachusetts ilianza 1971. Ila uliza mapema kama jimbo lako linaruhusu: Texas ilipitisha sheria mwaka 2015 kuizuia miji yake kufanya hivyo, baada ya Austin kuthubutu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana naona linarudiwa.

Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ile ya 1968 tarehe 11 Aprili, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. King alikuwa ameipigania kwa mwili wake. Mwaka 1966 alihamia katika nyumba ya kupanga North Lawndale, Chicago, na kiangazi kile akapigwa jiwe la kichwa akiandamana Marquette Park. Lakini ili kura zitoshe katika Seneti, meno ya sheria yalipunguzwa. HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, iliachiwa kazi ya kupatanisha na kubembeleza. Mwenye nyumba akikataa kupatana, wizara haikuwa na cha kumfanya. Mpangaji aende mahakamani mwenyewe kama anaweza. Ilichukua miaka 20, hadi marekebisho ya 1988, ndipo wizara ikapata nguvu ya kumshtaki mkaidi.

Historia hiyo niliijua. Nilikuwa naifundisha kwenye semina zetu. Hata hivyo, diwani mmoja aliponiambia wiki ya mwisho kwamba atatupa kura tukiondoa kifungu cha upelelezi na faini, nilikubali papo hapo, kwenye korido, kwa mazungumzo ya dakika tano. Sikuwauliza wapangaji. Ndicho kinachoniuma kuliko yote, kwamba nilitoa kilichokuwa chao kana kwamba ni changu.

Kwa hiyo weka sharti hili tangu siku ya kwanza, tena kwa maandishi: vipengele gani haviuzwi bila idhini ya kamati ya wapangaji. Kwetu sasa ni vinne. Ofisi ya kupokea malalamiko itajwe kwa jina. Muda wa kupeleleza uhesabiwe kwa siku. Faini iwepo. Na nyumba inayolalamikiwa isipangishwe kwa mtu mwingine uchunguzi ukiendelea, kwa sababu mwenye vocha akishinda baada ya miezi sita hana tena pa kuhamia. Halafu fuata bajeti. Kikao cha bajeti hakina kamera wala nyimbo, watu hawaji, na hapo ndipo mshahara wa mpelelezi unapopatikana au kukosekana.

Ushahidi utaupata kwa wapimaji. Unawatuma watu wawili kuulizia nyumba moja, wana kipato sawa na historia sawa ya kulipa kodi, wanatofautiana jambo moja tu. Kila mmoja anaandika alichoambiwa siku hiyo hiyo, bila kuzungumza na mwenzake. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 1982, katika kesi ya Havens Realty iliyotoka Virginia, kwamba mpimaji aliyedanganywa kuhusu nyumba iliyo wazi ana haki ya kushtaki hata kama hakuwa na nia ya kupanga. Mimi nimekulia Tanga, nimezoea dalali anayekwambia usoni kwamba mwenye nyumba hataki mtu wa aina yako. Huku unakataliwa kwa tabasamu, na bila karatasi mbili kando kwa kando hutajua kamwe kwamba umekataliwa.

Angalia fedha unazotumia. Ruzuku ya serikali kuu hairuhusiwi kulipia ushawishi wa sheria, na mwanzoni mwa 2025 mashirika mengi ya haki ya nyumba yalikatiwa ruzuku hizo ghafla, hivyo usitegemee mfuko mmoja. Wakurugenzi wengi hudhani shirika la hisani haliruhusiwi kabisa kushawishi wabunge. Linaruhusiwa, kwa kiasi. Likichagua kipimo cha kifungu 501(h) cha sheria ya kodi ya mapato, linaweza kutumia kwa ushawishi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake. Kumpigia debe mgombea ndiko marufuku, hata kwa senti moja.

Wasikilize pia wenye nyumba wadogo. Mzee mmoja mwenye vyumba vitatu alikuja kutupinga, nikamchukulia kama adui. Kumbe lalamiko lake lilikuwa la kweli: nyumba ilikaa tupu mwezi mzima akingoja ukaguzi ambao ni lazima kabla ya vocha kulipa. Tulipoanza kudai ukaguzi uharakishwe, aliacha kutupinga.

Na mkalimani awe wa watu wenyewe. Kiswahili changu cha Tanga kilimpotosha mama yule mara mbili kwenye fomu, na nikadhani tumeelewana kwa sababu sote tuliitikia kwa "ndiyo".

Tulirudi barazani kudai marekebisho, na safari hii mama yule alikubali kuzungumza. Nilimwambia ana dakika tatu, asijilazimishe kusimulia usiku wa sebuleni kama hataki. Tulikaa jioni moja na mkalimani, nikasoma muswada kifungu kwa kifungu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuuliza kitu, nikadhani amechoka.

"Hiyo ofisi," akasema, "inafunguliwa siku gani? Mimi natoka kiwandani saa kumi na moja jioni."

Halikuwa limeandikwa popote. Kesho yake, dakika tatu zake alizitumia kuwauliza madiwani swali hilo hilo, kisha akabaki amesimama akingoja jibu.